Dabi ya Kariakoo na watazamaji wake

Dabi ya Kariakoo haichezwi Kariakoo. Kwa zaidi ya nusu karne klabu mbili za soka za Dar es Salaam, Simba na Yanga, zimekuwa zikikutana upande wa Chang'ombe, wilayani Temeke, na mara nyingine mbali zaidi: Mwanza, Tanga, Kigoma, Unguja. Kilichobaki Kariakoo ni majengo mawili. La Simba liko Mtaa wa Msimbazi, la Yanga liko kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na mtu asiye na mzigo hutoka moja akafika jingine kwa miguu bila kuvuja jasho. Siku ya mechi mitaa iliyo kati ya majengo hayo hujaa jezi nyekundu na za kijani, zilizotundikwa ukutani, kwenye mikokoteni na mabegani mwa machinga. Biashara ya siku hiyo haijali nani atashinda. Mshindi atanunua jioni jezi ya kuringia, na aliyeshindwa alikwisha nunua asubuhi.

Jina la eneo hilo liliachwa na vita. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, waliokuwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, waliwekewa kambi hapo, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Baada ya vita pakawa makazi ya Waafrika, yakitengwa na Uhindini kwa uwazi mpana wa Mnazi Mmoja. Uwazi uliokusudiwa kuwatenganisha watu ukaishia kuwakusanya, kwani ndipo palipokuwa na nafasi ya ngoma, mikutano na mpira.

Mwaka 1935 ilianzishwa klabu iliyojiita Young Africans. Jina lilikuwa refu kwa watu wa mitaani, wakalikata, ikabaki Yanga. Mwaka uliofuata kukazaliwa klabu ya pili, Queens, ambayo baadaye ilijiita Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Namna klabu hiyo ya pili ilivyotokea husimuliwa kwa njia mbili. Watu wa Jangwani husema ni wanachama wao waliokosana na wenzao wakahama. Watu wa Msimbazi hawapendi kuitwa watoro. Mwaka 1971, wakati taifa likiyavua majina ya kigeni, Sunderland ikawa Simba. Yanga ilibaki na jina lake la Kiingereza, na hadi leo ni wachache wanaolisikia kama Kiingereza.

Neno "dabi" lilichelewa kufika. Kwa miaka mingi watu walisema tu "mechi ya watani". Asili ya dabi ni mbio za farasi zilizoanzishwa mwaka 1780 huko Epsom, Uingereza, na kupewa jina la Lodi wa Derby. Kutoka hapo neno lilitangatanga: likawa la mbio yoyote kubwa, kisha la mechi ya timu mbili za mji mmoja. Huko Chicago, mwaka huohuo wa 1935 ilipozaliwa Yanga, mfanyabiashara Leo Seltzer alilitwaa kwa mchezo wake mpya wa watu waliovaa viatu vya magurudumu na kuzunguka ukumbini. Mwanzoni yalikuwa mashindano ya ustahimilivu, watu wakizunguka siku baada ya siku. Ikaonekana watazamaji wanasimama vitini pale tu wachezaji wanapogongana na kuanguka, basi kanuni zikaandikwa upya ili kugongana kuwe ndiko kupata pointi. Televisheni iliukuza mchezo huo mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya familia ya Seltzer ikaufunga mwaka 1973, na wanawake wa Austin, Texas, wakaufufua mwanzoni mwa karne hii.

Huko Marekani mchezo ulishonwa upya ili umkae mtazamaji. Kariakoo kanuni za mpira hazikuguswa. Watazamaji walishona mchezo wao wenyewe kuuzunguka ule wa uwanjani, na mchezo huo wa pili hauna dakika tisini.

Kitambaa chake kilikuwa tayari. Utani ni mila kongwe kuliko mpira: Wahehe na Wangoni walipigana zamani na leo ni watani, Wazaramo na Wanyamwezi walijuana kwa njia ya misafara na leo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kitu mkononi, hata kuangua kicheko msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kwa upande wa pili, msiba ukitokea, mtani ni wa kwanza kufika na kushika kazi. Simba na Yanga zilipoitwa watani wa jadi, ziliingizwa ndani ya mila hiyo na masharti yake yote. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na baba wa Simba na mama wa Yanga bila ndoa kuvunjika, ingawa jioni ya kufungwa chakula huenda kikachelewa.

Matusi ya utani huu yana jiografia na historia yake. Yanga huitwa vyura kwa sababu bonde la Mto Msimbazi hufurika kila masika na maji hufika hadi Jangwani. Simba huitwa mikia, na katika miaka ya karibuni makolo. Wao nao hujibu kwa utopolo. Wageni wanaotafuta maana ya maneno haya kwenye kamusi hupoteza muda. Utamu wake uko kwenye namna yanavyotamkwa. Majina ya heshima nayo yapo: Simba ni Mnyama na Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Wananchi na Watoto wa Jangwani.

Kabla ya uhuru watazamaji walikuwa watu wa mji tu, wengi wao waliokwenda kwa miguu kutoka Kariakoo, Ilala na Gerezani. Uhuru ulileta uwanja. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa kwenye Uwanja wa Taifa, ule ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru na ambao wenyeji waliupa jina la Shamba la Bibi. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland. Yanga ikachukua mataji matano mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972. Katikati ya msimu wa kwanza wa mfululizo huo, tarehe 1 Juni 1968, iliifunga Sunderland mabao 5-0, Maulid Dilunga akiwa miongoni mwa wafungaji. Tangu siku hiyo namba tano ina maana nyingine mjini. Shabiki hahitaji kusema kitu: anainua kiganja, vidole vimetanuliwa, na aliye ng'ambo ya barabara anaelewa.

Waliouona mchezo huo kwa macho walikuwa wachache. Walioufanya kuwa wa nchi nzima walikuwa watangazaji. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa sauti moja iliyofika kila mkoa, na kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, vizazi viwili vya mashabiki viliijua Simba na Yanga kwa sikio. Mtu wa Sumbawanga au Newala alichagua timu kabla hajawahi kuuona mji wa Dar es Salaam. Alichokiona kilikuwa kile alichopewa na sauti za akina Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge na, baadaye, Charles Hilary: mpira uko upande gani wa uwanja, nani kaanguka, jukwaa gani linanguruma. Redio ya mwenye duka iligeuzwa kutazama barabarani, sauti ikapandishwa, na wateja walionunua kiberiti kimoja walikaa hapo saa mbili.

Msikilizaji asiyemwona mchezaji huhitaji jina la kumshika, na hapo ndipo lakabu zilipopata kazi. Sunday Manara aliitwa Computer, wakati ambapo Watanzania wengi hawakuwa wameiona kompyuta. Abdallah Kibadeni akawa King. Makumbi Juma akawa Homa ya Jiji, Zamoyoni Mogella akawa Golden Boy, Abeid Mziba akawa Tekero. Lakabu hizo zilidumu kuliko picha, na wazee wengi wa leo huwakumbuka wachezaji hao kwa majina ya redioni hata pale majina ya ukoo yanapowatoka.

Mechi inayotajwa kuliko nyingine za enzi hiyo haikuchezwa Dar es Salaam. Mwaka 1974 ubingwa wa taifa uliamuliwa kwenye Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, na watani ndio waliofika fainali. Adam Sabu aliitanguliza Simba. Dakika zikaenda, na mashabiki wa Simba walikuwa wameanza kuimba pale Gibson Sembuli aliposawazisha karibu na mwisho. Muda wa nyongeza ukaja, na Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Miezi michache baadaye, Januari 1975, zilikutana tena Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, na Yanga ikashinda 2-0.

Ushindi huo mara mbili ulifuatwa na anguko, na kisa chake hakikuwa uwanjani. Mwaka 1976 Yanga iligawanyika kwa ugomvi wa wanachama, na kundi kubwa la wachezaji waliotoka ndilo lililounda Pan African, timu iliyokuja kuwa bingwa wa taifa mwaka 1982. Iliyobaki Jangwani ilikuwa Yanga changa. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliikuta katika hali hiyo na kuifunga 6-0, Kibadeni akipachika matatu peke yake. Ni idadi kubwa kuliko zote katika historia ya watani. Mashabiki wa Yanga wanapokumbushwa sita hujibu kwamba ile haikuwa Yanga kamili. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini utani haupokei hati ya daktari.

Watazamaji wa dabi hawaangalii mpira peke yake. Huangalia pia timu inavyoingia uwanjani. Mara nyingi basi la timu limekataa lango lililopangwa, wachezaji wakapitia mlango mwingine au kuruka uzio, vyumba vya kubadilishia nguo vikaachwa vitupu na kikosi kikavaa jezi ndani ya basi. Sababu huwa haisemwi kwa jina. Husemwa ni kazi ya "kamati ya ufundi", na kila Mtanzania anajua kwamba kamati hiyo haihusiani na kocha. Wasimamizi wa ligi wamezitoza klabu faini tena na tena kwa makosa hayo. Faini hulipwa, na mechi inayofuata basi hutafuta tena mlango wake. Kwa mtu aliyekwenda kutazama, saa moja kabla ya mpira kuanza inaweza kuwa na mambo mengi kuliko kipindi cha kwanza.

Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya kando ya ule wa zamani, wenye viti 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China. Tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa heshima ya rais ambaye ulianza kujengwa katika utawala wake. Uwanja huo ulibadilisha adabu ya kutazama. Zamani mtu alisimama au alikaa kwenye zege popote alipopata nafasi. Sasa kuna tiketi za VIP za madaraja tofauti, na kuna mzunguko, eneo la bei nafuu ambalo ndilo lenye kelele. Kila upande una makao yake jukwaani. Ngoma, vuvuzela na nyimbo za kejeli huanza tangu saa za asubuhi, kwa sababu mwenye tiketi ya mzunguko akichelewa hupata pa kukaa pasipofaa.

Wakati huohuo mtazamaji wa mbali naye alipata macho. Vituo vya televisheni vilipoanza miaka ya 1990, na setilaiti ikaleta ligi ya Uingereza, mitaani kulichipuka vibanda umiza: chumba cha mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele, na kiingilio cha sarafu chache mlangoni. Jina linajieleza kwa yeyote aliyewahi kukaa humo mchana wa joto huku goti la jirani likimchoma mgongoni. Azam TV ilipoanza kurusha matangazo yake mwishoni mwa 2013, dabi nayo iliingia vibandani, kijijini na mjini. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, zilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Jambo moja husahaulika hapa: wenye televisheni hiyo ndio wenye Azam FC, na Azam FC ndiyo klabu pekee iliyowapokonya watani ubingwa tangu Mtibwa Sugar walipofanya hivyo mwaka 1999 na 2000. Azam ilitwaa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Hata hivyo haikupata mtani. Mataji hununulika kwa kikosi kizuri; watani hawanunuliki.

Kizazi cha televisheni kina mechi zake. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda 5-0, Emmanuel Okwi akifunga mawili. Patrick Mafisango, mmoja wa wafungaji, alifariki kwa ajali ya gari jijini kabla ya wiki mbili kwisha, na katika msiba ule mashabiki wa Yanga walikuja, kama watani wanavyopaswa. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0. Mashabiki wa Simba walianza kuondoka uwanjani, na waliofika vituo vya daladala walisikia huko kwamba imekuwa 3-3. Kisha ikaja 5 Novemba 2023: Yanga 5, Simba 1. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira, hakuwa na kazi. Kiganja kilichokuwa kikiinuliwa upande wa Msimbazi tangu 2012 kikahamia Jangwani, na kwa majuma kadhaa hapakuwa na haja ya kusema "habari za asubuhi" Kariakoo.

Pamoja na picha zilikuja sherehe. Tangu mwaka 2009 Simba hufungua msimu kwa Simba Day, kwa kawaida mwezi Agosti, na miaka kumi baadaye Yanga ikaanzisha Siku ya Mwananchi. Ni mechi za kirafiki zisizo na pointi ambazo hujaza uwanja, kwa kuwa watu huenda kutazama wachezaji wapya wakitambulishwa, wasanii wakiimba, na wasemaji wa klabu wakitamba. Msemaji mwenyewe amekuwa nyota. Haji Manara, mtoto wa Sunday Manara wa Yanga, aliisemea Simba kwa miaka na kuikejeli klabu ya baba yake kila wiki. Mwaka 2021 akavuka mtaa na kuanza kuisemea Yanga. Waliokasirika walikuwa wengi, lakini hakuna aliyezima redio.

Miaka hiyohiyo imeonyesha pia ni nani asiyeulizwa pale dabi inapoharibika. Tarehe 8 Mei 2021 mechi iliyopangwa saa 11 jioni ilisogezwa siku hiyohiyo hadi saa 1 usiku. Yanga ilifika kwa muda wa kwanza, ikapasha misuli, ikaondoka. Simba ilifika kwa muda wa pili. Watu waliojaa majukwaani walirudi nyumbani bila kuona mpira. Ilichezwa tarehe 3 Julai, na bao la Zawadi Mauya likaipa Yanga ushindi. Tarehe 8 Machi 2025 kisa kilikuwa kingine. Usiku wa kuamkia mechi Simba ilizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, ikatangaza haitacheza, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo saa chache kabla. Mabasi kutoka mikoani yalikuwa yamekwisha shusha abiria. Yanga ilidai pointi zake hadi kwenye mahakama ya kimataifa ya michezo, na kwa miezi mitatu wabishi wa vijiweni wakawa mawakili, wakitaja kanuni kwa namba.

Mchezo ulichezwa hatimaye tarehe 25 Juni 2025, ukiwa wa mwisho wa msimu, na ubingwa ukiwa bado haujaamuliwa. Yanga ilishinda 2-0 na kufikisha mataji 31 dhidi ya 22 ya Simba. Usiku ule msafara wa magari, bodaboda na watembea kwa miguu ulitoka Temeke ukielekea mjini, honi zikilia, hadi kwenye makutano ya Twiga na Jangwani. Mtaa wa Msimbazi ulikuwa na taa chache, na wenye maduka walikuwa wamefunga mapema.